Barua ya wazi kwa wakubwa wa Burundi: waliouliwa na watu wa maki nao waandikwe majina

Kwa Muheshimiwa Rais Évariste Ndayishimiye, kwa tume ya ukweli na maridhiano hii tunaita CVR, kwa wabunge na maseneta, kwa majenerali wetu, na kwa viongozi wote wa vyama vilivyotoka msituni

Asalam aleikum, na wasio waislamu nawasalimia kwa amani. Mimi ni mtu wa Buyenzi, nimezaliwa hapa nimekulia hapa, vita ilinikuta kijana na ikaisha nikiwa baba wa watoto. Naandika kwa kiswahili kwa sababu ndo lugha ya kartie (mtaa) yetu, alafu najua wengi wenu mlikaa Tanzania, wengine kambini Kigoma na Ngara wengine kwenye mazungumzo Arusha na Dar, kwaiyo mtanielewa bila mtafsiri.

Ombi langu ni hili. Raia waliouliwa na wapiganaji wa maki, yaani waasi wa msituni, tangu 1993 mpaka 2008 waandikwe, mmoja mmoja, jina lake na mahali alipouliwa, na nyinyi mliokua makamanda muwe wa kwanza kusaidia kuandika kwasababu nyinyi ndo mnajua nani alikua wapi usiku gani.

Nianze na tume. Mi siwabezi kazi mliyofanya, nasema kutoka moyoni. Mlivyofukua pale karibu na mto Ruvubu kule Karusi mwaka 2020 mkatoa mabaki ya watu zaidi ya 6,000 wa mwaka 1972, nilikua nasikiliza redio na wazee hapa mtaani walikua wanalia, kuna mzee babake alichukuliwa 1972 na hakurudi, miaka yote alikua anaambiwa na watu nyamaza nyamaza. Siku ile akasikia serikali inasema hadharani kwamba ni kweli walichukuliwa, ni kweli waliuliwa. Hakuna mtu mwenye roho atasema hiyo kazi ni mbaya. Mwezi wa kumi na mbili 2021 mkatangaza kwamba ile ya 1972 ilikua jenosidi ya wahutu, watu wakabishana lakini angalau jambo lilitoka kwenye minong'ono likafika mezani.

Sasa sheria yenu, ile iliyorekebishwa 2018, inasema mtachunguza kuanzia 1885 mpaka tarehe 4 disemba 2008. Mpaka 2008 jamani. Na huku mwisho ndo mashahidi bado wako hai, mama aliyeona yuko hai, dereva aliyetoroka yuko hai, aliyeshika bunduki naye yuko hai na pengine ana gari ya serikali. Wa 1972 wamebaki wazee wachache sana, mlikimbizana na kifo na mlifanya sawa, lakini hawa wa 1996 na 2000 na 2004 nao wanazeeka, wanakufa kila mwezi hapa Bujumbura, wanazikwa na yale waliyoona. Mnasubiri nini? Nauliza kwa heshima lakini nauliza.

Wengi wa vijana wa leo hawajui barabara zetu zilikuaje. Mtu anapanda gari asubuhi anaenda Ngozi anakula brosheti Bugarama anaendelea, na mi nafurahi kabisa kuona hivo. Lakini enzi zile ulikua hupandi kwenda juu bila konvwa ya wanajeshi, magari yanapangana yanasubiriana, kila mtu anaomba kwa Mungu wake, na bado mlikua mnapigwa. Barabara ya kwanza kupanda Bugarama, barabara ya Ijenda, barabara ya kusini kando ya ziwa kwenda Rumonge, zote hizo zina sehemu ambazo sisi watu wa umri wangu tukipita tunanyamaza kidogo kwenye gari na watoto wanashangaa. Hakuna kibao hakuna jiwe. Pale Minago tarehe 29 disemba 2003 aliuliwa Askofu Mkuu Michael Courtney balozi wa Papa, na huyo angalau dunia nzima ilijua jina lake. Muuza dagaa aliyepigwa risasi kwenye barabara hiyohiyo wiki nyingine nani anajua jina lake?

Tarehe 28 disemba 2000 basi la Titanic Express lilikua linatoka Kigali linashuka Bujumbura, likasimamishwa karibu na Mageyo, mlango wa jiji kabisa, taa za Bujumbura karibu unaziona. Watu walitolewa nje wakavuliwa wakaibiwa wakalazwa chini wakapigwa risasi. Wafu 21. Mmoja alikua mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza na mchumba wake Mrundi alikufa naye palepale. Familia ya yule mwalimu imepigania miaka na miaka ijulikane nani alifanya, wameandika wamegonga milango wamelaumu FNL, kundi moja la maki, kwa majina na nyaraka. Nawaheshimu sana. Lakini ukitoa huyo mmoja, wale Warundi na wengine waliokufa kwenye basi lile, niambieni nyinyi tume, orodha yao iko wapi ambapo mtoto wa shule anaweza kuisoma? Ni kwenye nchi yetu wameuliwa, kwenye barabara yetu ya kwanza, na kumbukumbu yao imeachiwa familia moja ya Uingereza ibebe peke yake.

Na mimi nina wangu. Mjomba wangu alikua konvwayeri kwenye lori la viazi, analala Ngozi anashuka na mzigo, mtu wa utani sana, alikua anatuletea matunda damu na mahindi ya kuchoma yakiwa yashapoa. Gari lao lilipigwa juu ya Bugarama mwaka 1998. Yeye tulimleta tukamzika kama dini inavosema, ila kuna waliokua wamepanda juu ya mzigo, abiria wa kuombaomba lifti, hao walizikwa palepale na watu wa mlima ule na hatukuwahi kujua walikua wakina nani wametoka wapi. Nani alipiga? Wengine walisema FDD, maki ambayo leo ndo chama tawala CNDD-FDD, wengine FNL, wengine wakasema ni majambazi tu waliovaa makoti ya jeshi. Mpaka leo hatujui. Sikuandika barua hii kumshtaki mtu kwa ajili ya mjomba, kwa sababu sina wa kumshtaki. Naandika kwa sababu mtu aliyelala kwenye majani siku ile akisubiri lori anajua, na pengine atasoma hapa.

Kuna jambo watu wa nje hawalielewi vizuri kuhusu vita yetu, wanasema wahutu na watutsi basi wamemaliza. Waulizeni watu wa ile iliyokua Bujumbura Rural, Kabezi, Isare, Kanyosha, Mubimbi, Nyabiraba, Mutimbuzi. Wengi wao ni wahutu, na maki ya FNL ilikua inasema inapigania wao. Mchana mlima ni wa wanajeshi, usiku mlima ni wa FNL. Usiku wanakuja wanataka mchango, pesa, maharage, mbuzi, kijana wa kubeba mizigo, na asubuhi mwanajeshi anakuja anauliza kwanini uliwapa chakula. Ukiuza ndizi karibu na pozisyo ya jeshi umekua mpelelezi, ukikataa mchango umekua msaliti, na kuna watu waliuliwa na haohao waliosema wamekuja kuwakomboa, chifu wa mlima, mwalimu, mama muuza pombe, kwa maneno tu ya jirani mwenye wivu. Hao hawana hata upande wa kuwalilia. Chama cha wahanga wa watutsi hakiwahesabu, chama cha wahutu hakitaki kuwataja sababu aliyeua ni wa kwetu. Mi kwangu hao ndo wa kwanza kuandikwa.

Alafu vijana na watoto waliochukuliwa. Mwezi wa saba 2003 FNL waliposhuka kuingia jiji, Musaga na kartie za kusini, mabomu yanaanguka hovyo na watu maelfu wakakimbia na magodoro kichwani, baadaye kati ya maiti za wapiganaji wao zilizoonekana barabarani walikuwemo watoto, wamepewa bunduki, wamefundishwa nyimbo za dini, wameambiwa risasi hazitawapata. Mtoto kama yule ni mhanga au ni muuaji? Ni vyote viwili labda, sijui mizani yake, lakini ana mama mahali fulani Isare au Kanyosha na huyo mama hajawahi kuambiwa na mtu yeyote mtoto wako alikufa pale, alizikwa pale. Kamanda aliyemchukua anajua.

Sasa Gatumba. Hapa nitakaa kidogo.

Tarehe 13 agosti 2004, siku ya ijumaa, karibu saa nne usiku. Kambi ya wakimbizi iko kando ya barabara inayoenda mpaka wa Kongo, kilomita chache tu toka mpakani. Ndani wamo Wakongomani wengi wao Banyamulenge, yaani watutsi wa Kongo, waliokimbia Uvira na vijiji vyake mwezi wa sita baada ya vurugu za Bukavu, na Babembe kiasi, na kwenye mahema mengine palepale Warundi waliokua wamerudi kutoka uhamishoni. Watu wenye silaha walitokea upande wa bonde la Rukoko wakiimba nyimbo za kumsifu Mungu na ngoma, waliopona wote wanasimulia hizo nyimbo, wakaenda moja kwa moja kwenye mahema ya Wakongomani. Mahema ya Warundi waliyaacha. Walipiga risasi wakachoma moto wakatumia mapanga zaidi ya saa nzima. Waliokufa walizidi 150 na wengi ni wanawake na watoto, majeruhi zaidi ya 100. Na kambi ya wanajeshi wetu haikua mbali, mlio wa bunduki ulisikika, hawakuja. Askari wa Umoja wa Mataifa nao walifika mambo yashaisha.

Kesho yake msemaji wa FNL wakati ule Pasteur Habimana akatangaza kwamba ni wao. Alisema mwenyewe. Baraza la Usalama likalaani, uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ukafanyika na haukuweza kusema kwa uhakika kama FNL walikua peke yao au kuna waliowasaidia. Serikali ya wakati ule ikatoa hati za kumkamata kiongozi wa FNL Agathon Rwasa na huyo Habimana. Kisha? Kisha mwaka 2006 tukasaini amani na FNL Dar es Salaam, ikaja kinga ya muda ya kutoshtakiwa, 2009 FNL ikageuka chama cha siasa, Rwasa akawa kiongozi wa upinzani akagombea urais 2020 akawa wa pili. 2013 mwendesha mashtaka akasema anafungua tena faili la Gatumba, na tulio wengi tuliona kwamba faili linafunguliwa mtu akisumbua kisiasa na linafungwa mambo yakitulia. Sisemi Rwasa ana hatia, hiyo ni kazi ya mahakama, na yeye kama mtu mwingine yeyote ana haki ya kujitetea mbele ya jaji. Nasema miaka zaidi ya 20 imepita na hakuna jaji aliyekaa kusikiliza.

Waliopona wengi walipelekwa Marekani, wako New York na majimbo mengine, kila tarehe 13 agosti wanakusanyika huko na huku na Kongo na Rwanda wanawasha mishumaa wanasoma majina, na video zinatufikia kwenye simu. Sisi tunaokaa kilomita kumi na kitu kutoka pale ndo tunatazama kwenye simu. Ndugu zetu hao walikuja kwetu kama wageni. Mgeni alikuja kwetu kuomba hifadhi akauliwa ndani ya nyumba yetu, na kimila zote ninazozijua, za Kirundi na za Kiislamu, mwenye nyumba ndo anatakiwa kusimama kwanza kuomba radhi. Serikali ya Burundi kama serikali, bila kuangalia nani alikua madarakani, ilishindwa kuwalinda. Naomba Muheshimiwa Rais uende Gatumba tarehe 13 agosti. Uende mwenyewe, usitume mwakilishi. Na naomba makaburi yale yaangaliwe, maana Gatumba inazama, tangu 2020 maji ya Rusizi na ziwa yanaingia kwenye nyumba watu wanahama kila mwaka, na mi naogopa siku moja tutatafuta makaburi tukute maji.

(Na jamani Gatumba hiyohiyo septemba 2011 watu karibu 40 waliuliwa kwenye baa wakinywa, huo ni mwaka nje ya tarehe za tume najua, ila mkipita pale wakumbukeni na wao.)

Mnaweza kusema hatujui jinsi ya kufanya. Buta walijua. Tarehe 30 aprili 1997 alfajiri watu wa maki waliingia seminari ndogo ya Buta kule Bururi wakawaambia wanafunzi jitengeni, wahutu huku watutsi huku. Wale vijana wakakataa kujitenga. Wakauliwa pamoja, 40. Baada ya pale kanisa halikusubiri serikali wala tume wala mkataba, wakajenga mahali pa kusali, kila kijana ana kaburi lake na jina lake, watu wanaenda kuhiji, na sasaivi faili lao liko kwenye safari ya kutangazwa wenyeheri. Mi ni mwislamu na nikiwaza wale watoto nasisimka mwili. Mtu akienda Buta hatoki na chuki ya kabila, anatoka anajiuliza mimi ningejitenga au ningebaki. Sasa linganisha na Bugendana ambako tarehe 20 julai 1996 watu zaidi ya 300 waliuliwa kambini, watutsi waliokua wamekimbia vita tayari, wanawake na watoto na wazee. Maiti zile zilizikwa kwa mawe na matusi aliyotupiwa rais Ntibantunganya kwenye mazishi, siku mbili baadaye mwanajeshi Buyoya akampindua akachukua nchi. Tangu siku hiyo Bugendana imekua ya siasa, kila mwaka kuna wanaoenda na wasioenda, na ukimuona mtu anaenda unajua kabila lake. Tofauti ya Buta na Bugendana si idadi. Ni kwamba pa kwanza kuna mtu aliketi akaandika majina na akasimulia lililotokea bila kuficha, na pa pili kila upande umeachiwa kusimulia wake.

Najua mtakachonijibu kwa sababu nishakijibiwa mitaani. Mtasema na jeshi je. Ndio, na jeshi! Itaba kule Gitega tarehe 9 septemba 2002 wanajeshi waliua raia wasiopungua 173, wahutu, wengi wanawake na watoto, na adhabu waliyopata maofisa ilikua aibu. Mwaka 1999 watu zaidi ya laki tatu walisombwa kutoka milimani Bujumbura Rural wakafungiwa kwenye makambi bila maji bila vyoo, mpaka mzee Mandela alipokuja akagomba mbele ya wakubwa wote. Na hapa jijini Kamenge na Kinama zilifagiliwa, na machi 1995 hapahapa Bwiza na Buyenzi tulitolewa majumbani watu wakauliwa, nilikuwepo. Andikeni yote hayo. Mimi sijawahi kusema msiandike. Lakini ya jeshi yana watu wengi wa kuyasema leo, kwa sababu waliokua wanapigana na jeshi lile ndo wako serikalini. Ya maki hayana msemaji. Mwenye nguvu anakumbuka aliyotendewa, sote tuko hivo, ndo maana nawaomba nyinyi wenye nguvu mfanye kile kigumu, mseme mliyotenda.

Na mtasema tulisaini kinga. Sawa. Mimi nilisikiliza redio siku zile, najua bila ile kinga pengine mngebaki msituni na sisi tungeendelea kulala chini ya vitanda. Sikatai ilitusaidia kupumua. Ila ilikua ya muda, mliandika wenyewe ya muda, mpaka tume na mahakama zianze kazi. Na kinga ya kutoshtakiwa sio kinga ya kutosema. Hakuna karatasi yoyote mliyosaini Pretoria wala Dar inayosema kamanda anaruhusiwa kumficha mama mahali mwanae alipozikwa.

Kinyume chake kuna karatasi ya mkataba wa amani mliyokuta imesainiwa Arusha tarehe 28 agosti 2000, ile aliyoianza Mwalimu Nyerere akafariki kabla haijaisha, Mandela akaimalizia. Mle ndani imeandikwa wazi kwamba utajengwa mnara wa taifa kwa wahanga wote wenye maneno ya kwamba isitokee tena, itakuwepo siku ya taifa ya kuwakumbuka, na makaburi ya pamoja yatatafutwa watu wazikwe kwa heshima. Wahanga wote, haijasema wa upande fulani. Najua CNDD-FDD na FNL hamkuwepo kusaini siku ile na wengine wenu mmeisema sana vibaya Arusha, lakini kwenye kipengele hiki hebu niambieni ni neno gani linawaumiza.

Ila mnara mmoja mkubwa mi haunitoshi, na nadhani hautoshi wengi. Mnara wa jumla ni rahisi, unaweka maua unapiga picha unaondoka. Mimi nataka Mageyo pawe na jiwe lenye majina 21. Nataka kila komini ile ya zamani, kabla hata hatujasahau mipaka yake maana sasaivi mmeshaziunganisha zimebaki 42, iwe na daftari, wakae bashingantahe (wazee waamuzi wa mlima) na mashehe na mapadri na wachungaji na kina mama, waseme mlima huu alikufa nani, lini, na kama inajulikana na nani. Haihitaji pesa ya wazungu. Karani mmoja, daftari moja, na amri kutoka juu kwamba mtu akija kusema asitishwe. Hilo la mwisho ndo muhimu kuliko yote na ndo liko mikononi mwenu peke yenu, kwa sababu watu wanaogopa. Kuna mama namjua anajua kila kitu kilichotokea kwenye mlima wake mwaka 2001 na ameniambia mwanangu nikisema leo, aliyefanya kesho anapita mbele ya nyumba yangu, anapita kila siku kwenda kazini.

Sasa naongea na nyinyi kaka zetu mliokua maki, na baadhi yenu ni wa umri wangu kabisa, tulisoma pamoja mkaondoka 1995 mkavuka Tanganyika au mkaingia msitu wa Kibira. Sijasahau kwanini mliondoka. Rais Ndadaye alichaguliwa na watu, akauliwa na wanajeshi oktoba 1993, miezi mitatu tu baada ya kuapishwa, na vijana wa Kamenge waliona hakuna mlango mwingine. Hilo liandikwe pia, mkiandika nyie wenyewe itakua bora. Mlikaa kwenye baridi, mlizika wenzenu bila sanda, mna majina yenu mliyobeba ambayo hakuna anayeyasoma. Lakini kati yenu kuna aliyesimamisha basi. Kuna aliyetoa amri kuhusu chifu wa mlima. Kuna aliyesema usiku ule twende Gatumba, na aliyemuuliza kwanini, na aliyenyamaza. Tunakutana msikitini, kanisani, kwenye harusi, tunasalimiana vizuri, watoto wetu wanaoana. Sitaki kuona mtu mzima wa miaka 60 anaburuzwa jela mbele ya wajukuu, kuna wanaotaka na wana haki ya kutaka, mi binafsi nataka uje ukae mbele ya tume au hata mbele ya imamu au padri wako, useme ilikua hivi, pale, walikua wangapi, tuliwafukia upande huu wa barabara. Muheshimiwa Rais wewe mwenyewe ulikua kamanda na unazungumza sana habari za kumuogopa Mungu. Ukianza wewe, ukasema hata jambo moja ambalo watu wako walimtendea raia asiye na kosa, wengine wote watakosa kisingizio.

Kwa tume naomba jibu kwa maandishi, kwenye redio mnazotumia kila wiki, la mambo haya: lini mnaanza kusikiliza hadharani mashahidi wa 1993 mpaka 2008 kama mlivosikiliza wa 1972, lini mtaenda Mageyo, na kama mko tayari kuwasikiliza waliopona Gatumba wanaoishi Marekani na Kongo kwa simu au kwa video maana wengi hawawezi kurudi. Mimi nipo Buyenzi, majina ya wale niliowajua mimi na ya watu wa mtaa wangu waliouliwa kwenye barabara za juu nimeyaanza kwenye daftari, mjomba ni wa kwanza. Karani wenu akija nitampa.

Ni mimi mkazi wa Buyenzi, Bujumbura